KOMPYUTA IKIKATAA AMRI, TUSIFUTE: TUKAGUE

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Masii)



Hapa Masii hapapiti reli, lakini wengi wetu twala jasho la reli. Leo hatuji kudai nyongeza. Twaja na jambo dogo lililotaka kula mshahara wa watu.

Katika ofisi tuliyofanyia kazi, kompyuta yenye orodha ya saa za vibarua ilikataa amri. Kijana karani aliandika ls ili aone mafaili yake. Akajibiwa kwamba amri hiyo haipo. Mkubwa akasema: karani ameharibu mashine, ifutwe yote, naye aende kwao. Ndugu zangu, kufuta ni kupoteza saa za watu ambao hawajalipwa. Tukaomba tupewe mpaka jioni.

Jueni kwamba katika kompyuta ya Linux amri zetu hupokelewa na programu iitwayo sheli. Sheli itumikayo sana ni bash, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1989. Kwa kawaida, iamkapo kupokea amri za mtu, husoma kwanza faili la maagizo, kama dereva asomavyo maagizo yake kabla ya kutoka stesheni. Mtu akiingia kwa jina na neno la siri, husoma /etc/profile, kisha hutafuta.bash_profile, .bash_login na .profile, kwa zamu hiyo, na kusoma moja tu, lile la kwanza inaloliona. Mtu akifungua dirisha jipya tu, kwa kawaida husoma .bashrc. Basi wengine huandika agizo katika .profile, kumbe .bash_profile lipo: barua imepelekwa stesheni siyo.

Hatukumgombeza karani. Tulimwuliza: jana uliandika nini? Akasema aliongeza mstari mmoja katika .bashrc:

PATH=/home/kazi/zana

PATH ni orodha ya mahali ambapo sheli hutafuta zana zake. Alipaswa kuandika:

PATH=$PATH:/home/kazi/zana

yaani, "njia za zamani, pamoja na hii." Kwa kusahau neno moja alifuta njia zote za zamani. Zana zilikuwapo, sheli haikujua pa kuzitafuta.

Tuliandika echo $PATH, amri iliyo ndani ya sheli yenyewe, tukaliona kosa. Kisha tukaandika PATH=/usr/bin:/bin, na zana zikarudi katika dirisha lile. Tukafanya nakala ya .bashrc, tukaweka alama ya # mbele ya mstari mbaya ili usisomwe, tukafungua dirisha jipya. Likaitika. Vibarua wakalipwa.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, fanya nakala kabla ya kugusa faili. Pili, badili mstari mmoja, kisha jaribu. Tatu, usifunge dirisha la zamani mpaka jipya limeitika; nani kati yetu huachia breki ya mkono kabla ya kujua kwamba breki ya hewa yashika? Na ikiwa .bashrc imeharibika kabisa, bash --norc huamka bila kuisoma.

Ndugu, karani yule hakufukuzwa. Mwenzetu akishtakiwa kwamba ameharibu mashine, chama kiseme kwanza: tuonyesheni mstari. Kosa la mstari mmoja hurekebishwa kwa mstari mmoja.

Umoja ni nguvu.