Mwanamichezo wa Chuo na Kodi ya Jina Lake



Suleiman Nyambui alipoipatia Tanzania medali ya fedha mjini Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanariadha wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani zilimkataza mwanafunzi kuuza jina lake kwa matangazo. Katazo hilo liliondolewa Julai 1, 2021.

Haki hiyo imekuja na deni lake. Mbele ya sheria ya kodi, mwanafunzi huyo kwa kawaida ni mfanyabiashara wa kujitegemea. Hana mwajiri wa kumkata kodi. Raia akipata faida ya dola 400 kwa mwaka, hutozwa mchango wa hifadhi ya jamii na matibabu kwa kiwango cha asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Hata gari alilopewa kwa kutangaza huhesabiwa kuwa pato. Mgeni naye hubanwa na viza ya masomo, isiyomruhusu kufanya kazi apendavyo.

Basi mwalimu amwandaaye kijana kwa safari hiyo amfundishe pia kutunza hesabu na kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.