Shujaa wa Sinema na Fomu ya Jeshi
Machi 2019, Wamarekani waliokwenda sinema kuangalia Captain Marvel walionyeshwa kwanza tangazo la Jeshi la Anga: marubani wanawake, ndege za kivita, na ujumbe kwamba kila shujaa ana alikoanzia. Filamu ikaanza, na shujaa mwenyewe akawa rubani wa jeshi hilohilo. Sasa tangazo liliishia wapi?

Si jambo geni. Mwaka 2013, National Guard, jeshi la akiba la Marekani, walijinadi bega kwa bega na Superman wa filamu ya Man of Steel. Pentagon, makao makuu ya jeshi la Marekani, huwapa watengeneza filamu ndege na kambi, ila sharti ipitie mswada kwanza. The Avengers ya 2012 ilikosa ushirikiano huo kwa sababu wakubwa hawakuelewa jeshi lingepokea amri za nani mbele ya shirika la kubuni liitwalo S.H.I.E.L.D. Kumbe hata hadithi za kufikirika zina itifaki!

Jeshi lolote lina haki ya kutafuta vijana. Lakini Marekani mtu huweza kujiunga akiwa na miaka 17, mzazi akiridhia. Mzazi huyo aelezwe basi habari za majeraha na miaka ya mkataba, ambazo shujaa wa sinema hazimhusu.