Mazungumzo Baada ya Habari: Akili Mnemba na Daftari la Gharama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo yafaa ikumbukwe wakati huu ambapo makampuni, makubwa kwa madogo, yanahimizwa kununua akili mnemba, yaani programu za kompyuta zilizofundishwa kusoma, kutambua picha, kujibu maswali na kubashiri. Rwanda ilipitisha sera ya taifa kuhusu jambo hilo mwaka 2023, na mwezi Aprili 2025 mji wa Kigali ulipokea wajumbe wa mkutano mkubwa wa Afrika juu yake. Kwamba programu hizo zina manufaa si jambo la kubishaniwa. Linalopasa kuulizwa ni hili: je, faida yake yazidi gharama yake, na ni nani atakayeilipa?

Askari haoni ugeni katika swali hilo. Yeye ajua kwamba bei ya gari la jeshi si ile tu iliyoandikwa katika hati ya ununuzi. Gari ladai mafuta, vipuri, dereva na fundi, na lisipotunzwa huwa mzigo kwa kikosi kizima. Akili mnemba nayo yadai umeme, intaneti, kumbukumbu zilizopangwa vizuri, ada ya kila mwezi, na mtu mwenye ujuzi wa kukagua majibu yake, kwa maana hukosea huku ikisema kwa uhakika.

Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, hesabu hiyo inawahusu wenye hoteli za ufukweni mwa Ziwa Kivu, wachukuzi, wenye maghala, na wafanyabiashara wanaovusha bidhaa kwenda Goma. Mchuuzi wa programu akiwaambia kuwa mtambo wake utafanya kazi ya makarani watatu, jambo la kwanza la kupima ni mishahara ya makarani hao.

Mwezi Januari 2024 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya mitambo inayotambua vitu kwa kuvitazama. Walitoa mfano wa kiwanda kidogo cha mikate chenye waokaji watano, kila mmoja akilipwa dola 48,000 kwa mwaka. Kukagua viungo kwa macho huchukua asilimia 6 ya kazi yao. Mtambo ukiichukua kazi hiyo, mwenye kiwanda ataokoa kiasi cha dola 14,000 kwa mwaka, fedha ambazo hazitoshi kuutengeneza mtambo huo na kuutunza. Kwa jumla, watafiti hao walikuta kwamba ni asilimia 23 tu ya mishahara inayolipwa kwa kazi za kutazama ambayo ingeokolewa kwa faida. Hayo ni ya Marekani, ambako mishahara ni mikubwa. Bei ya mtambo haishuki kwa sababu umefika Gisenyi, lakini mshahara unaookolewa huko ni sehemu ndogo tu ya ule wa mwokaji wa Marekani.

Gharama nyingine imejificha katika lugha. Programu nyingi za kujibu maswali hulipiwa kwa hesabu ya vipande vya maneno. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2023 zilionyesha kwamba programu hizo, zikiwa zimelelewa zaidi katika Kiingereza, hukata maneno ya lugha nyingine nyingi katika vipande vingi zaidi. Kinyarwanda na Kiswahili, lugha za viambishi, zimo katika hasara hiyo. Ujumbe ni ule ule, lakini malipo ni makubwa zaidi; tena aghalabu hudaiwa kwa dola, hali mteja wa Gisenyi alipa kwa faranga.

Liko pia jambo la mpaka. Programu ya kubashiri mauzo hujifunza kutokana na siku zilizopita. Lakini mwezi Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mwezi Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka na matetemeko yakautikisa mji. Na mwezi Januari 2025 vita viliingia Goma. Kila mara biashara ya jana haikuwa tena kielelezo cha biashara ya kesho, na mashine iliyofundishwa kwa ya jana hapana budi ifundishwe upya, kwa gharama mpya.

Haifuati kwamba Gisenyi iogope mitambo. Kiwanda cha bia cha Bralirwa, kilichoanzishwa mjini humo mwaka 1957, kilianza katika miaka ya 1960 kutumia gesi ya methani ya Ziwa Kivu kuchemshia matangi yake. Gesi ilikuwa karibu, na moto ulihitajika kila siku. Kipimo hicho chatosha hata leo: kazi iwe nyingi, iwe ya kila siku, na makosa yake yawe ya hasara kubwa. Benki yenye maelfu ya miamala ya kukagua dhidi ya wizi yaweza kufaidika. Duka la karani mmoja, kwa kawaida, halitafaidika.

Hapo ndipo askari mwenyewe anapohusika. Akiba yake imo katika Zigama CSS, benki ya ushirika ya vyombo vya usalama iliyoundwa mwaka 1997. Na kesho, akistaafu, huenda akafungua biashara yake mwenyewe. Katika benki na katika biashara, ana haki ya kuuliza mambo matatu kabla fedha haijatoka: mtambo utagharimu kiasi gani kwa miaka mitatu, si kwa mwezi wa kwanza, nani atawajibika ukikosea, na kazi itaendeleaje siku mkataba utakapokatika. Asiyeweza kujibu maswali hayo asikabidhiwe akiba ya wenzake.