Run: Kitenzi Kimoja, Maana Zaidi ya Mia Sita
Mada kwa semina ya wafasiri

Anayejifunza Kiingereza huambiwa mapema kwamba run ni kukimbia. Si uongo. Kazi huanza anapokuta pua, bomba, saa na kampuni zote zimepewa kitenzi hichohicho, na hakuna hata kimoja chenye miguu.

Kwa miaka mingi, set ndiyo iliyoongoza kwa wingi wa maana katika kamusi kuu ya Oxford. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliipa maana zipatazo 430, kwa maelezo ya maneno kama 60,000. Kisha mhariri Peter Gilliver akakabidhiwa run. Aliihangaikia kwa muda wa miezi tisa hivi, na hesabu yake ikafika maana 645 za kitenzi peke yake.

Simon Winchester, aliyeandika historia ya kamusi hiyo, anaona chanzo ni mashine: treni, saa, injini, na baadaye programu za kompyuta. Hoja ina mashiko, ila haimalizi mambo. Tangu Kiingereza cha kale maji nayo yalikuwa yakipewa kitenzi hiki, kwa hiyo mbegu ya mtiririko ilikuwepo kabla ya kiwanda chochote. Tena kuna vijineno vinavyokifuata nyuma: run out ni kuishiwa, run into ni kukutana na mtu bila kutazamia, run over ni kumkanyaga kwa gari.

Siasa inachekesha zaidi. Anayetaka urais Marekani “anakimbia”. Anayetaka ubunge Uingereza “anasimama”, kwa kitenzi stand. Mswahili anagombea, na pengine ndiye aliyesema kweli kuliko wote.

Mfasiri wa habari za fedha naye ana mtego wake. Septemba 2007, wateja wa benki ya Northern Rock walipanga foleni mitaani Uingereza wakitaka fedha zao. Magazeti yaliita run. Atakayeandika “mbio za benki” atamfanya msomaji afikirie riadha; “wateja kukimbilia kutoa akiba zao” ni ndefu, lakini inaeleweka.

Kiswahili kina piga, kitenzi kinachoshughulika na pasi, picha, kura, deki na simu bila kumuumiza yeyote. Hapo nomino ndiyo inayobeba maana, na run mara nyingi inahitaji kusomwa vivyo hivyo: mfasiri aanze na kinachoendeshwa au kinachotiririka, kitenzi kije baadaye. Washiriki wajaribu sentensi hii: She runs the shop her father ran down. Kitenzi kimoja kimetumika mara mbili, na Kiswahili kinadai viwili: analiendesha duka ambalo baba yake alilidhoofisha.