Leseni ya Kulea: Vituo vya Watoto Wadogo Dubai na Wazazi wa Afrika ya Mashariki

 Leo tutazungumzia jambo linalowagusa ndugu zetu wengi waishio Ghuba, hasa kina mama wafanyao kazi: nani aruhusiwaye kuwalea watoto wadogo kwa malipo, na serikali inadai nini kabla ya kumpa ruhusa hiyo. Mfano wetu utakuwa mtaa wa Al Baraha, upande wa Deira, mjini Dubai.

Al Baraha ni mtaa unaopakana na mitaa ambayo wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanaijua kama viganja vya mikono yao, kama vile Naif. Humo imo hospitali ijulikanayo kwa majina mawili, Al Baraha na Kuwait. Deira ni makazi ya watu wa mataifa mengi, wakiwemo Wakenya, Watanzania na Waganda. Kati yao wamo wanaouza madukani, wanaofanya kazi katika hoteli, na wanaosafirisha mizigo kwenda Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Na kama ilivyo kawaida ya wanadamu, watu hao huoa, huolewa na kuzaa.

Hapo ndipo penye mtihani. Sheria ya kazi ya Umoja wa Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inampa mama aliyeajiriwa katika sekta binafsi likizo ya uzazi ya siku 60, yaani siku 45 kwa mshahara kamili na siku 15 kwa nusu mshahara. Sheria iliyotangulia, ya mwaka 1980, ilikuwa na siku 45 tu. Siku hizo zikiisha, mama hutakiwa kurudi kazini ilhali mtoto hajaweza hata kukaa. Bibi na shangazi wako mbali, ng'ambo ya bahari. Mtoto ataachwa kwa nani?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kumwajiri yaya nyumbani. Hilo linaruhusiwa, na sheria ya wafanyakazi wa majumbani ya mwaka 2022 inaitambua kazi ya uyaya, mradi mwajiri awe amemchukulia yaya huyo kibali na viza. Lakini gharama yake si ya kila mtu. Njia ya pili ni kituo chenye leseni, ambacho kwa Kiarabu huitwa hadhana. Neno hilo si geni kwetu, kwani waliosoma vitabu vya sheria ya Kiislamu wanalijua kuwa ni haki ya kumlea mtoto. Njia ya tatu ndiyo inayotushughulisha leo: mama jirani anayekubali, kwa fedha kidogo, kukusanya watoto watano au kumi sebuleni mwake tangu asubuhi hadi jioni.

Tusifanye haraka kumlaumu mama huyo. Aghalabu yeye mwenyewe ni mzazi, ana huruma, anazungumza Kiswahili na watoto, anajua uji wao na nyimbo zao. Hata hivyo, mbele ya sheria, kuwalea watoto wa nyumba mbalimbali kwa malipo katika fleti isiyo na leseni ni kuendesha kituo bila ruhusa.

Sheria hii haikuanza jana. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 1983, yaani miaka 12 tu baada ya dola hiyo kuundwa. Mwaka 2022 sheria hiyo ilibadilishwa kwa nyingine mpya, inayohusu watoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka minne. Baada ya umri huo mtoto huingia darasa la awali la shule. Katika Dubai, msimamizi wa vituo vya binafsi hivi leo ni Mamlaka ya Maarifa na Maendeleo ya Watu, ijulikanayo kwa herufi za KHDA, iliyoanzishwa mwaka 2006.

Sasa, mtu atakaye kufungua kituo anaulizwa nini? Kwanza anaulizwa juu ya mahali. Jengo lazima likaguliwe, na Ulinzi wa Raia, ambao ndio wazimamoto wa huko, lazima waridhike kwamba watoto wanaweza kutolewa salama moto ukizuka. Mtu mzima huukimbia moshi kwa miguu yake, lakini mtoto wa miezi sita hubebwa. Mlezi mmoja mwenye watoto wanane wachanga katika ghorofa ya nne atabeba wangapi kwa mara moja? Swali hilo moja linatosha kueleza kwa nini serikali inahesabu watoto kwa kila mlezi, na kwa nini hesabu hiyo hupungua kadiri watoto wanavyokuwa wadogo.

Pili, anaulizwa juu ya afya. Kituo kinatakiwa kiwe na chumba cha huduma ya kwanza na muuguzi aliyesajiliwa na mamlaka ya afya. Mahali walipo watoto wengi, homa ya mmoja ni homa ya wote, na anayejua tofauti ya homa ya kawaida na degedege ndiye anayeokoa maisha.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito zaidi, anaulizwa juu ya watu. Mkuu wa kituo na walimu wake wanatakiwa wawe na elimu inayofaa, vyeti vilivyothibitishwa, na cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba hawana rekodi ya uhalifu. Sheria ya Haki za Mtoto ya mwaka 2016, ambayo hapo awali ilijulikana kwa jina la Wadeema, binti wa miaka minane aliyeuawa Dubai mwaka 2012, imewataka walimu na madaktari watoe taarifa wanapoona mtoto anadhulumiwa. Sheria hiyo pia inamzuia aliyehukumiwa kwa kosa la kuwanajisi watoto asifanye tena kazi inayomkutanisha nao.

Wasikilizaji wapenzi, yapo malalamiko ya haki katika jambo hili. Mwalimu aliyesomea malezi Mombasa au Unguja huona cheti chake kikizunguka ofisi kwa ofisi: wizara ya mambo ya nje nyumbani, ubalozi wa Falme za Kiarabu, kisha wizara ya mambo ya nje huko aendako. Kila muhuri una ada yake. Wengine hukata tamaa na kubaki wakilea kwa siri, ilhali ujuzi wanao. Wengine wanadhani kwamba kibali cha kufundisha masomo ya binafsi kilichoanzishwa Desemba 2023 kinawatosha. Kibali hicho ni cha masomo ya ziada kwa wanafunzi, wala hakigeuzi sebule kuwa kituo cha kulea.

Lakini tusidhani kwamba masharti ya namna hii ni ya Waarabu peke yao. Tanzania Bara ilikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana tangu mwaka 1981, na baadaye jambo hilo likaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti mzigo wa elimu ya chekechea, na kaunti ya Nairobi ikatunga sheria yake ya vituo vya kulea mwaka 2017.

Na pwani yetu ina fundisho jingine. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said wa Mombasa, akisaidiwa na Taasisi ya Aga Khan, alianza kuwafundisha wanawake wa mitaani kazi ya ualimu wa watoto wadogo katika madrasa. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na shahada yoyote. Walifunzwa, wakatembelewa darasani, wakarekebishwa, wakafunzwa tena. Maana yake ni kwamba mama wa mtaani anaweza kuwa mwalimu hodari, lakini hawi hivyo kwa mapenzi tu. Huwa hivyo kwa mafunzo na kwa kuwapo mtu wa kumkagua.

Basi mzazi wa Al Baraha afanye nini? Kabla ya kulipa ada, na aombe kuonyeshwa leseni ya kituo, kisha aulize katika mamlaka kama ingali hai. Aulize ni watoto wangapi kwa kila mlezi katika chumba atakachokaa mwanawe, muuguzi ni nani, na mlango wa dharura uko wapi. Naye mama mwenye ujuzi wa kulea, badala ya kufungua mlango wake kwa siri, ni heri atafute kazi ya usaidizi katika kituo kilichosajiliwa huku akithibitisha vyeti vyake. Mshahara waweza kuwa mdogo, lakini siku mtoto atakapoanguka au kupaliwa, hatakuwa peke yake, wala hataogopa kuita gari la wagonjwa.

Na hilo la mwisho ndilo kubwa kupita yote. Mlezi anayejificha huchelewa kuomba msaada, na kwa mtoto mchanga, dakika chache za kuchelewa ni nyingi mno. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Tuongeze tu kwamba ili akue, kwanza sharti awe salama.