Mnunuzi Mmoja, Njia Moja: Funzo la Mbaazi

Safari iliyopita tulizungumza juu ya kupanda kwa mistari. Leo hatutakaa shambani sana. Tutatoka pamoja na zao, tulifuate njiani: kutoka ghalani mwako, mpaka kwa mnunuzi wa kijijini, mpaka bohari la mjini, mpaka bandarini, hadi sufuria ya mlaji ambaye hutamwona maisha yako yote. Njia hiyo ni ndefu. Ikikatika mahali popote, hata nchi ya mbali, maumivu yanarudi nyumbani kwako.

Swali la leo ni hili: je, mkulima aifanye njia yake iwe fupi na nyoofu ili apunguze gharama, au aache uchochoro wa kupita pale njia kuu inapofungwa?

Nitaanza na mbaazi, kwa sababu mbaazi zilinifundisha mimi mwenyewe.

Mnakumbuka miaka ya 2015 na 2016. Kule Babati, Kondoa, Lindi, Mtwara na kwingineko, mbaazi zilikuwa dhahabu. Bei ilivuka shilingi 2,000 kwa kilo. Wanunuzi walikuja na malori mpaka mlangoni. Wakati huo nilikuwa bwana shamba kijana, nikihudumia kata moja ya mkoa wa Manyara. Mzee mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, mwaka huu nipunguze mahindi nijaze mbaazi?" Nikamjibu bila kusita, "Jaza, Mzee. Mahindi utanunua." Akajaza. Na majirani zake wakajaza.

Karibu mbaazi zetu zote za kuuza nje zilikuwa zinakwenda nchi moja tu, India. Wenyewe huko wanakula dengu na mbaazi kila siku, na mwaka wakivuna kidogo hununua kwa wingi kutoka nje. Lakini msimu wa 2016 hadi 2017 wakulima wa India nao walivuna sana. Bei ikaanguka kwao. Serikali ya India ikataka kuwalinda wakulima wake, na mwezi Agosti 2017 ikaweka kikomo: mbaazi kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka. Agosti, ndugu zangu! Wakati huo mbaazi zetu zinakaushwa uwanjani. Bei ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo, na mahali pengine mnunuzi hakuonekana kabisa.

Yule Mzee hakunigombeza. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akanionyesha magunia. Kisha akasema, "Haya, bwana shamba, mahindi nitanunua kwa nini?" Sikuwa na jibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu, ingawa limechelewa.

Sasa tusikimbilie kusema kwamba kulima zao moja kwa mnunuzi mmoja ni ujinga. Si ujinga hata kidogo. Ukilima zao moja unalijua vizuri. Mbegu unanunua ya aina moja, dawa ya aina moja, vibarua wanafanya kazi moja kwa siku chache. Mnunuzi akijua kwamba kijiji chenu kina magunia mia tano ya aina moja, analeta lori, na gharama ya usafiri kwa kila gunia inashuka. Mkulima mwenye debe mbili za hiki na debe tatu za kile, nani atamfuata? Atabeba mwenyewe kwa baiskeli mpaka guliani, auze kwa bei ya jioni. Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli.

Lakini wazee hao hao walisema, akiba haiozi. Nayo ni kweli. Kazi yetu ni kujua wapi tufuate usemi wa kwanza, na wapi tufuate wa pili.

Hebu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Wewe weka za kwako. Chukua wakulima wawili, kila mmoja na eka moja. Wa kwanza amepanda mbaazi tupu, akavuna kilo 600. Wa pili amechanganya mbaazi na mahindi, akavuna mbaazi kilo 400 na mahindi magunia saba. Kwa mbegu ya mahindi na kazi ya ziada, huyu wa pili ametumia shilingi 150,000 zaidi ya mwenzake. Kila nyumba inahitaji magunia matano ya mahindi kwa chakula, na gunia ni shilingi 50,000.

Mwaka mzuri, mbaazi ni shilingi 2,000 kwa kilo. Wa kwanza anapata 1,200,000. Ananunua chakula cha 250,000, anabakiwa na 950,000. Wa pili anapata 800,000 za mbaazi, anauza magunia mawili ya mahindi kwa 100,000, ukitoa zile gharama za ziada 150,000 anabakiwa na 750,000. Wa kwanza amemzidi mwenzake kwa laki mbili. Atacheka, na ana haki ya kucheka.

Mwaka mbaya, mbaazi ni shilingi 300. Wa kwanza anapata 180,000. Chakula ni 250,000. Amepungukiwa 70,000 kabla hajanunua hata daftari la mtoto. Wa pili anapata 120,000 za mbaazi na 100,000 za mahindi, ukitoa 150,000 anabakiwa na 70,000, na magunia matano yako ndani. Hajatajirika, lakini hajauza mbuzi wala hajakopa.

Kwa hiyo ile laki mbili aliyoikosa mwaka mzuri si hasara. Ni ada ya kulala usingizi. Shilingi ya mwaka wa njaa haina uzito sawa na shilingi ya mwaka wa shibe. Anayetafuta faida ya juu kila mwaka ajiulize kwanza: mwaka mmoja mbaya ukija, nitabaki mkulima, au nitakuwa kibarua katika shamba nililoliuza?

Basi, tufuate njia ya zao hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni shambani. Mbaazi na mahindi ni marafiki. Zikipandwa siku moja, mbaazi hukua polepole mwanzoni, hazigombanii sana na mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi zinapata nafasi, zinachanua na kuzaa. Majani yake yakianguka yanarutubisha udongo, na miti yake ni kuni. Hapo unapata uchochoro kwa gharama ndogo. Lakini usichanganye mazao matano katika eka moja. Hapo utakuwa umeshika mbili, tatu, nne, na zote zitaponyoka. Mawili yanatosha, matatu ni mwisho. Mbegu nayo chagua aina inayovumilia mnyauko, kwa mfano ile iitwayo Mali, na kijiji kizima mkubaliane aina moja. Katika mbegu, kuwa wamoja ni faida, kwa maana mnunuzi anataka punje zinazofanana.

Hatua ya pili ni pembejeo. Mnakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza mwezi Februari, bei ya mbolea ilivyopaa. Bei ilikuwa imekwisha kuanza kupanda kabla ya hapo, na Agosti mwaka huo Serikali yetu ilianza kutoa mbolea ya ruzuku. Anayengoja mvua inyeshe ndipo aende dukani yuko kwenye njia nyembamba: mbolea ikichelewa wiki mbili, mahindi hayamngoji. Jiandikishe mapema. Nunua mbolea ya kupandia mara unapouza mavuno, hata kama ni mfuko mmoja, uuhifadhi juu ya chaga pakavu. Pesa yako italala, ni kweli, lakini msimu wako hautalala. Na samadi ya zizini ndiyo uchochoro wako wa pili. Usiiache ikaoshwa na mvua.

Hatua ya tatu ni ghalani. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu watu wengi hukosea. Si kila zao linalowekwa linapata bei. Mahindi, mara nyingi, bei hupanda kadiri msimu wa kilimo unavyokaribia, kwa sababu majirani wamemaliza yao. Mbaazi za kuuza nje ni jambo jingine. Zetu huvunwa kuanzia Agosti. Za India huanza kuvunwa mwishoni mwa mwaka. Dirisha letu ni ile miezi iliyo katikati. Ukificha mbaazi mpaka Januari ukitumaini bei, huenda unangoja basi lililokwisha kupita. Kwa hiyo mahindi yape ghala, mbaazi zipe haraka. Zilizo tayari mwanzoni mwa msimu, kavu na safi, ndizo hupata mlango.

Mahindi ya kuweka lazima yakauke kweli. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Kupima, chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi kavu kidogo na punje za mahindi, tikisa, uache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Isipogandamana, usiridhike, ongeza jua la siku moja mbili ndipo uyaweke. Tumia ile mifuko isiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje. Toa hewa, funga kila mmoja peke yake kwa nguvu. Dumuzi aliyemo atakosa hewa na kufa bila dawa. Mfuko huo ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini unakununulia kitu kikubwa: uhuru wa kusema "leo siuzi".

Ukavu una faida nyingine. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakasimama mpakani. Baada ya siku chache zuio liliondolewa kwa masharti: mahindi yawe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni. Fungueni masikio hapo. Mahindi machafu yana mlango mmoja, na ukifungwa yamekwisha. Mahindi makavu na safi yanaweza kugeuka: yakaenda kinu cha mjini, shule ya bweni, au wakala wa chakula. Ubora ndio unaokupa njia nyingi.

Hatua ya nne ni sokoni. Ushauri wangu: msimfukuze mnunuzi mkubwa, ila msimpe yote. Uzeni sehemu kubwa kwa pamoja kupitia chama chenu cha msingi, mkapunguze gharama za lori na kupata mizani ya haki badala ya lumbesa. Lakini sehemu ndogo, tuseme gunia moja katika manne au matano, ielekezeni kwingine kila mwaka: mbaazi mbichi guliani, mbaazi zilizokobolewa kwa mama lishe, mbegu kwa jirani. Faida yake ni ndogo, najua. Lakini mnunuzi mdogo uliyemsahau mwaka wa neema hatakufahamu mwaka wa dhiki. Uchochoro usiopitwa huota majani.

Mwisho ni sisi mabwana na mabibi shamba. Mkituuliza "tulime nini?", tudaini jibu la swali la pili: "Na mnunuzi asipokuja, je?" Asiyeweza kujibu hilo, ushauri wake haujaiva. Nilipaswa kumjibu hivyo Mzee wangu.

India ilifungua tena mlango mwezi Mei 2021, na miaka iliyofuata bei ya mbaazi ikainuka. Yule Mzee bado analima mbaazi. Lakini sasa mahindi yako katikati ya mistari, na mifuko minne iliyofungwa iko ndani. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwaka huu hata wasipokuja, wewe karibu ugali."

Ndugu wakulima, nyoosheni njia pale inapopunguza gharama: mbegu, usafiri, mizani, kuuza pamoja. Acheni nafasi pale panapoweza kuangusha nyumba: chakula, mbolea ya kupandia, na mlango wa pili wa soko.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Mazao yetu mwaka jana yalinunuliwa na wanunuzi wangapi? Mkubwa wao asipokuja mwaka huu, tutauza wapi?

2. Kila nyumba yetu inahitaji magunia mangapi ya chakula mpaka mavuno yajayo? Nani kati yetu anayapanda mwenyewe?

3. Ni kitu gani tunaweza kununua au kusafirisha pamoja msimu huu ili tupunguze gharama?

4. Pigeni hesabu ya eka moja kama ya mfano, kwa bei za hapa kwenu, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Ada ya usalama ni shilingi ngapi, na je, mnaweza kuilipa?