Kukosoana Si Kugombana

(Mazungumzo kwa viongozi wa vijiji na matawi, wilaya za Kibaha na Kisarawe)



Mara nyingi jambo linalohusu kijiji kizima huzungumzwa kwanza kisimani na barazani, na mwisho kabisa, kama likibahatika, mkutanoni. Mwenyekiti akiuliza kama kuna swali, kimya hutanda. Watu wakishatawanyika, kila mmoja ana hoja. Kosa hilo si la wananchi peke yao. Mtu hunyamaza hadharani anapojua kwamba atakayesema ataitwa mpinga maendeleo.

Kimya hicho kina gharama, na Mkoa wa Pwani unaijua. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, uliowakataza viongozi kiburi na ukandamizaji, na kutaka wananchi washiriki katika kufikiri na kupanga maendeleo yao. Miaka michache tu baadaye zikaja operesheni za kuhamia vijijini. Mkulima wa korosho alijua kwamba shamba likiwa mbali na nyumba halipaliliwi, na mkorosho usiopaliliwa humezwa na pori. Lakini wengi wa waliosimamia operesheni walikuwa na haraka, na aliyehoji alionekana mkaidi. Nchi iliyovuna tani zipatazo 145,000 za korosho katika msimu wa 1973/74 ilivuna chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, lakini mikorosho iliyoachwa porini nayo ni sehemu ya hesabu hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwalimu Nyerere alionyesha njia nyingine. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, aliandika tathmini iliyotaja mafanikio pamoja na upungufu. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Heshima yake haikupungua kwa kukiri hivyo. Kiongozi huvunjiwa heshima na kosa analoling'ang'ania.

Hata hivyo, si kila lawama ni ukosoaji. Ahadi za mwanachama tangu enzi za TANU ziliweka pamoja mambo mawili: kusema kweli na kuepuka fitina. Anayenong'ona kwamba "mwenyekiti anakula fedha" amepanda chuki tu. Anayesimama mkutanoni na kusema, "Ushuru wa mkaa uliosomwa robo iliyopita hauonekani katika taarifa ya leo, stakabadhi zisomwe," ametaja jambo, ametoa ushahidi na ameonyesha dawa. Katika madarasa ya Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, kama katika darasa lolote, mwalimu anayetia alama ya kosa bila kuonyesha jibu sahihi hajafundisha. Mkosoaji naye ni hivyo hivyo.

Anayekosolewa ana wajibu mzito zaidi, kwa sababu ndiye mwenye madaraka. Asikilize mpaka mwisho. Asiulize kwanza "huyu ametumwa na nani?", bali aulize "je, ni kweli?" Ikiwa ni kweli, aseme lini atarekebisha, na katika mkutano unaofuata atoe taarifa. Ikiwa si kweli, aonyeshe vitabu vya hesabu bila hasira. Na kamwe asimlipizie kisasi aliyesema; kisasi kimoja hufunga vinywa mia.

Chombo cha kufanyia kazi hii kipo. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 iliupa mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 18, mamlaka ya juu katika kijiji. Mkutano usioitishwa ni ukosoaji uliozuiwa. Mkutano unaoitishwa ili watu wapige makofi tu nao ni vivyo hivyo.

Basi, ndugu viongozi, robo ijayo swali likiulizwa na kimya kikitanda, msikisifu kimya hicho kuwa ni umoja. Kichunguzeni.